Wanawake Wangu Waliohamia kwa Rehema

Wanangu mnaoanza uuguzi, mmeniomba niwaandikie kuhusu miaka yangu ya kliniki ya titi. Nadhani mlitegemea niwaeleze namna ya kufunga kidonda, au namna ya kukaa na mgonjwa aliyekata tamaa. Hayo mtafundishwa na wengine. Mimi nitawaeleza jinsi nilivyomwonea wivu muuguzi wa umri wa binti yangu, na jinsi wivu ule ulivyokaribia kumrudisha mama mmoja wa Maruku kwenye ugonjwa aliokwisha kuponyoka.

Naitwa Domina. Nilifanya kazi katika hospitali moja mjini Bukoba mpaka nilipostaafu, na miaka kumi na miwili ya mwisho nilisimamia kliniki ya wanawake waliotibiwa saratani ya titi. Walikwenda Mwanza kufanyiwa upasuaji, kuwekewa dawa za dripu na kupigwa mionzi. Wakirudi Kagera, walikuwa wangu. Ninaandika "wangu" makusudi, kwa sababu ndivyo nilivyowaona. Nilijua nani amekatwa titi la kushoto na nani la kulia, nani mume wake alikimbia, nani anaficha kovu hata mbele ya dada zake. Nilishona kwa mkono wangu vifuko vya kujazia sidiria. Cha kwanza nilikijaza pamba tupu, na yule mama aliponyanyua mikono kanisani kikapanda mpaka begani. Nikajifunza kuongeza ulezi kidogo ili kiwe na uzito. Mama mwingine akakifua bila kuutoa ulezi, akakianika kibarazani, mvua ikakinyeshea siku tatu, ulezi ukaota. Alikuja kliniki amekishika mkononi kina majani, tukacheka wote mpaka tukatoka machozi.

Basi mnaona. Nilipendwa. Na mtu aliyezoea kupendwa hajui kama ana wivu mpaka siku apendwe mwingine.

Rehema aliletwa kwetu akitokea Mwanza, alikokuwa amefanya kazi wodi ya saratani. Nyumbani kwao ni Bakoba, mtaa wa humuhumu mjini. Babu yake alikuja Bukoba kutoka pwani kufanya biashara, akaoa hapa, akazikwa hapa. Binti mwembamba, hijabu yake imepigwa pasi kila siku, sauti ya chini, na Kihaya chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Alipewa chumba kidogo jirani na changu, kilichokuwa stoo ya magongo. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao.

Mwezi wa kwanza sikumjali. Mwezi wa pili nikaona kwamba wanawake wakitoka kwangu hawaendi nyumbani. Wanakaa tena kwenye benchi, wanasubiri chumba cha magongo. Mwezi wa tatu baadhi yao wakaanza kwenda kule kwanza.

Siku iliyoniuma zaidi ni ile aliyopita Generosa. Generosa alikuwa mkulima wa Maruku, hajafika hamsini, mwenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa, mume wake Ireneo fundi seremala. Kidonda chake nilikisafisha mimi kwa wiki saba. Niliwahi kumpelekea uji nyumbani kwake alipokuwa hawezi kumeza kitu kingine. Siku ile alipita mbele ya mlango wangu uliokuwa wazi, akasema, "Kasinge waitu, Sista," kama anavyosalimiwa mtu wa njiani, akaingia kwa Rehema.

Nilisogeza kiti changu ukutani. Ndiyo, nilisikiliza. Msifanye hivyo, lakini mimi nilifanya.

"Ma Generosa," Rehema alisema, "nikuulize la ndani kidogo. Usipotaka kujibu, niambie tu, Rehema nyamaza."

"Uliza, mwanangu."

"Tangu umalize dripu na uanze hivi vidonge, ukeni kukoje? Kunakauka? Kunawasha? Mkikutana na mzee, kunauma?"

Kisha nikasikia Generosa analia, kilio cha kubana pua.

"Mwanangu, ni kama wembe. Mwaka wa tatu sasa. Nimemwambia mgongo unauma. Kila akinigusa, mgongo. Ananichemshia maji ananikanda, masikini, na mgongo wenyewe ni mzima kabisa."

Nilikaa na ile kauli kama mtu aliyemwagiwa maji. Mwaka wa tatu. Katika miaka hiyo Generosa alikuwa amekuja kwangu mara nyingi akisema mkojo unachoma. Kila mara nilimwandikia antibayotiki za UTI, na mara mbili nilimpa dawa ya fangasi, bila kupima mkojo, bila kuuliza zaidi. Muuguzi mkuu aliyenifundisha ujanani, Mungu amrehemu, alikuwa mkali sana juu ya heshima. Alitufundisha kwamba mambo ya chumbani ya mgonjwa si ya kuulizwa na mtu mwenye kofia nyeupe. Nami niliona ni adabu. Kumbe kwa adabu hiyo nilimwacha mtu anawaka moto.

Na ninyi mliozaliwa huku mnajua kwa nini aibu ile ilikuwa nzito. Huku kwetu mwanamke anasifiwa kwa maji. Shangazi anamfunda binti kuhusu hilo kabla ya harusi, wanaume wanatania kuhusu hilo kwenye pombe ya rubisi. Mwanamke aliyekauka anajiona si mwanamke tena, na huyu alikuwa amekwisha kupoteza titi.

Rehema hakumpa pole nyingi. Alimweleza. Nitayarudia maneno yake kwa sababu ndiyo kazi yenyewe, nami niliyajifunza kwa kuyaiba ukutani.

Alimwambia kwamba hakurogwa, wala si mchafu. Uvimbe wake ulikuwa wa aina inayolishwa na homoni ya kike. Dawa za dripu zilimkatisha hedhi mapema, na vidonge anavyomeza vinapunguza homoni iliyobaki ili ugonjwa usirudi. Homoni ikishuka, ngozi ya ukeni inakuwa nyembamba na kavu, inachubuka haraka, na hata mkojo ukipita unachoma. Alimwambia aache sabuni huko ndani, aache dawa za kuua vijidudu, aache kujifukiza majani aliyopewa na jirani. Akampa vitu viwili akamwonyesha tofauti yake. Kimoja ni krimu ya unyevu, anapaka kila baada ya siku mbili tatu, akutane na mume asikutane. "Kama unavyopaka mafuta kisigino," alisema, "hungoji mpaka siku ya harusi." Cha pili ni jeli ya maji, ya kulainisha wakati wa tendo lenyewe, na isiwe yenye manukato wala ya kuleta joto. Avitumie wiki kadhaa kabla ya kukata tamaa. Vikishindwa, wataandika kwa daktari wa saratani Mwanza, kwa maana ipo dawa ya homoni ya kuweka ukeni, dozi ndogo, ambayo daktari anaweza kuiruhusu kwa baadhi ya wanawake na kuikataza kwa wengine. "Hiyo haiamuliwi kwenye meza hii," Rehema alisema. "Na ukiona damu, usingoje tarehe. Njoo siku hiyohiyo."

Generosa alitoka anapangusa uso, anatabasamu. Alinipungia mkono.

Mngetegemea nifurahi. Nilikwenda chooni nikafunga mlango, nikalia kwa hasira. Sikulia kwa ajili ya Generosa. Nililia kwa sababu hakuniambia mimi.

Baada ya hapo nikawa mtu mdogo. Nilihamisha benchi ili kila anayekuja aanzie mlangoni kwangu. Nilikaa na ufunguo wa kabati lenye jeli, na Rehema akiuomba nilimwambia subiri namaliza kuandika, na sikuwa naandika chochote. Mtu akimsifia mbele yangu nilisema, "Ndiyo, bado mgeni." Mume wangu, Mzee Kamala, aliniuliza kwa nini siku hizi narudi nimenuna. Nikamwambia ni kazi.

Mara moja kwa mwezi tulikwenda Muleba kwa huduma ya mkoba, kuwafuata wagonjwa huko waliko, na kule nilimwona akifanya kazi kwa macho yangu. Alikuja mama mmoja mchuuzi wa samaki kutoka visiwani, mwenye sauti ya kushindana na injini ya boti, ametibiwa titi miaka minne nyuma. Rehema alipomuuliza lile swali lake, alijibu hadharani, "Mimi naona nitumie mafuta ya sangara, ninayo debe zima!" Nilitaka kucheka. Rehema hakucheka. Alimuuliza kama wanatumia kondomu na huyo baba wa kisiwani. Mama akasema ndiyo, kwa sababu baba yule ana wanawake wengine kila mwalo wa wavuvi. Ndipo Rehema akamweleza taratibu kwamba mafuta ya aina yoyote, ya samaki, ya nazi, ya mgando, yanadhoofisha mpira na unapasuka, kwa hiyo kwake ni jeli ya maji tu. Kwa wasiotumia kondomu, alisema, mafuta safi ya nazi si mabaya kama hayawawashi. Ya samaki ayaache kwenye kikaango. Mama akacheka mpaka akashika ukuta, akaondoka na jeli yake. Nami nikahesabu moyoni: huyu naye amekwenda.

Sasa nafika penye kosa.

Siku moja Rehema alikwenda Muleba peke yake. Generosa akaja Bukoba, akanikuta. Alikaa kwenye kiti changu kama zamani, nikafurahi moyo ukajaa.

"Sista," alisema, "wewe ndiye umenilea. Wifi yangu anasema hii jeli ya Rehema ni homoni, itaniletea ugonjwa upya. Ni kweli?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimesoma maandishi ya boksi mwenyewe, kwa miwani yangu, nikitafuta kosa la Rehema, nikakuta hakuna. Haina homoni hata chembe. Lilikuwa jibu la neno moja.

Nikasema, "Mimi kama ningekuwa wewe nisingeitumia. Lakini muulize huyo Rehema wako."

Huyo Rehema wako. Nilisikia sauti yangu mwenyewe na sikuirudisha. Generosa aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akaondoka.

Alikosa kliniki mwezi uliofuata, na mingine mitatu baada yake. Nawaambia ukweli, mwanzoni nilifurahi. Nilifikiri amegombana na Rehema. Aliyegundua ni Rehema mwenyewe, akaja na daftari la dawa.

"Shikamoo, Mama. Ma Generosa wa Maruku hajachukua vidonge miezi minne. Twende?"

"Nitakwenda mimi," nilisema. Mnajua kwa nini nilitaka kwenda mimi? Ili Rehema asifike wa kwanza.

Nilichukua bodaboda mchana ule. Nilimkuta Generosa nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Alinikaribisha, akanipa kigoda. Nikauliza vidonge viko wapi. Aliingia ndani akaleta kopo, akaliweka mbele yangu. Vilijaa.

"Nimeviacha," alisema. "Ulisema wewe usingeitumia jeli. Nikakaa nikafikiri. Kama jeli ni mbaya, na vidonge ndivyo vinanikausha, basi niache vidonge, mwili urudi. Ireneo amehamia chumba cha watoto, Sista. Sina titi, sina mume. Kidonge nameza cha nini?"

Ireneo alikuwa amesikia pikipiki, akaja kutoka karakana yake na vumbi la mbao kwenye nywele. Mtu mkubwa, mpole. Alisimama pembeni, akasema bila kuniangalia, "Sista, mimi sikuhama kwa hasira. Nilimwona anabana meno. Kila nikimkaribia anabana meno. Nikasema, nisije nikamuumiza huyu mtu ambaye Mungu amenirudishia."

Generosa aligeuka. "Mbona hukuniambia?"

"Na wewe ulisema mgongo."

Waliangaliana, na yule mama akaanza kucheka na kulia pamoja. Nami, wanangu, katikati ya aibu ile yote, niliona wivu mwingine ambao sikuutegemea. Niliwaonea wivu wale wawili. Nyumbani kwangu mimi na Mzee Kamala tulikuwa tumetengana vyumba mwaka wa sita, tangu nilipokoma hedhi na mimi nikaanza kuona wembe uleule, bila saratani, kwa umri tu. Hakuniuliza. Sikumwambia. Tulichobaki kuulizana usiku ni kama mlango wa nje umefungwa.

Nikasema, "Ma Generosa, ile jeli haina homoni. Siku ile nilijua. Nilikuambia vile nikijua."

Kisu kilisimama. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ulipita mlangoni kwangu ukaenda kwake. Nilikuonea uchungu. Nilimwonea yeye wivu."

Alinitazama kwa muda kama anayesoma maandishi madogo. "Kwa hiyo nimekaa miezi minne bila dawa kwa sababu ulitaka nikae kwenye benchi lako?"

"Ndiyo."

Ireneo alitoka akarudi karakana. Nikasikia randa inapita kwenye mbao kwa nguvu, inarudi, inapita. Generosa akachukua ndizi nyingine, akaanza kumenya.

"Kamlete Rehema," alisema.

Nilirudi mjini nikamweleza Rehema kila kitu, nimesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Nilitegemea atapiga kelele. Alivaa viatu vyake vya kutembelea, akachukua mkoba, akatangulia nje. Njia nzima hadi Maruku hakunisemesha. Kwa Generosa nilikaa kibarazani na Ireneo, Rehema akaingia ndani. Walikaa zaidi ya saa nzima. Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa daktari wetu mkuu nikaeleza, nikapewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu ya kazi. Nilistahili zaidi ya hiyo.

Daktari wa Mwanza alipigiwa simu akataka Generosa aende mara moja kupimwa. Siku zile za kusubiri majibu sikulala vizuri. Nilikuwa nikipita benchini naona nafasi yake. Yakirudi mabaya, nilijua ni nani aliyeyaandika.

Yalirudi safi. Daktari alimbadilishia aina ya kidonge, akamwambia wazi kwamba miezi minne ile haikuwa mchezo, na kwamba lolote likimsumbua tena aseme kabla ya kuacha. Krimu na jeli aliendelea navyo. Havikurudisha vyote. Baada ya wiki nane hivi alimwambia Rehema kwamba unyevu ni kidogo lakini wembe umetoka, na kwamba Ireneo amebeba godoro lake mwenyewe kulirudisha, watoto wakimcheka.

Kliniki iliyofuata Generosa alisimama mlangoni kwangu. "Sista, nimekusamehe," alisema. "Lakini nikiwa na la ndani, nitakwenda kule." Akaenda kule. Liliniuma, na hata leo ninapoandika linauma. Msidhani kuomba radhi kunamrudisha mtu kwenye kiti chako.

Nilijaribu kuuliza mimi pia. Mama wa kwanza nilimuuliza nikiwa nimesimama, namfunga mkanda wa presha, macho kwenye saa. Akasema yuko salama kabisa. Dakika kumi baadaye nikamsikia upande wa pili anamwambia Rehema kunauma. Nikaweka wivu mfukoni nikagonga mlango wa binti yule, nikamwomba anifundishe. Alinifundisha, bila kunionyesha furaha ya kushinda, na hilo nalo lilinichoma. Muulize mgonjwa akiwa amekwisha kuvaa nguo zake. Kaa, kalamu iwe chini. Mwambie kwamba unamuuliza kila mtu, kisha kweli muulize kila mtu: mjane, mtawa, bibi wa miaka sabini, yule ambaye unadhani mambo hayo yamekwisha kwake. Ukavu unawasha hata asiye na mume. Akisema mkojo unachoma, pima mkojo kabla ya kuandika dawa, na umwangalie, kwa ruhusa yake. Akinyamaza, nyamaza naye. Usikimbilie kujaza ule ukimya kwa pole.

Siku ya somo la mwisho, tulipokuwa tunafunga kabati, Rehema alikaa mbele yangu, akaweka kalamu chini.

"Na wewe, Mama Domina? Namuuliza kila mtu."

Nilitaka kumwambia nyamaza. Aliwahi kuniambia kwamba hiyo ni haki ya kila anayeulizwa. Badala yake nilimjibu, maneno machache, nikiangalia mikono yangu. Alinisikiliza kama alivyowasikiliza wao, na pale ndipo nilipoelewa kwa nini walipita mlango wangu. Mimi pia ningeupita.

Jumapili ile baada ya chakula cha mchana nilimkuta Mzee Kamala sebuleni kwetu Ijuganyondo, anasikiliza mpira redioni. Nilikaa karibu naye, kwenye kochi lake, mahali ambapo sikuwa nimekaa kwa miaka. Nikamwambia kwamba sikumchoka, kwamba kulikuwa kunauma, na kwamba niliona aibu kusema.

Alinyoosha mkono akazima redio.